Unga wa Gesare na Tumbo la Mkwe

Ukitaka kumwona Gesare akikasirika, na wala si kazi ngumu, muulize kama uyoga wake una sumu. Pale soko la Keumbu wako wanawake wanaolijua hilo na wanalifanya makusudi. Mmoja atapita na beseni lake la ndizi, atasimama mbele ya meza yenye uyoga mweupe uliopangwa kwenye vikapu, kisha atauliza kwa sauti ya upole, "Mama Maureen, huu hauui kweli?"

Basi, umekwisha kumchokoza. "Ungekuwa unaua ningekupa wewe wa kwanza, tena bure!" Soko litacheka, ila Gesare hatacheka, kwa sababu yeye hatanii.

Ndivyo alivyo. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayeikaribia hamsini, na mdomo wake hauna breki. Anaishi upande wa Nyamache, katika boma la baba mkwe wake, Mzee Onsongo, mwalimu mkuu mstaafu mwenye ekari mbili za chai na tumbo la ekari ya tatu. Mumewe, Gibson, alifariki akamwachia mtoto mmoja, Maureen, ambaye ameajiriwa Nakuru na haji nyumbani ila Desemba. Mtoto wa kiume hakuna. Na katika boma lile mjane asiye na mtoto wa kiume anachukuliwa kama mgeni aliyekawia kuaga: hakuna anayemfukuza, lakini kila mtu anaitazama saa.

Kitu pekee alichokuwa nacho Gesare ni kipande cha ardhi nyuma ya jikoni. Hapo alikuwa amejenga nyumba ya udongo isiyo na madirisha. Ndani yake alining'iniza mifuko iliyoshindiliwa majani makavu ya migomba, majani aliyoyapika kwa mvuke ndani ya pipa kabla ya kuyatia mbegu ya uyoga. Uyoga ulichomoza ubavuni mwa mifuko, akaumwagilia maji asubuhi na jioni, akauchuma, akaupeleka Keumbu. Ada ya chuo ya Maureen ilitoka humo. Nguo zilizo mwilini mwake zilitoka humo. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa ya Mzee, na Mzee alikuwa amesema mara moja tu, siku ya matanga ya Gibson, kwamba mjane wa mwanawe atakaa hapo. Atakaa mpaka lini, hakusema. Na Gesare hangeweza kumuuliza.

Hangeweza kwa sababu ya chinsoni. Msio wa huku, nisikilizeni vizuri, maana bila hili hamtaelewa lolote. Baba mkwe na mkazamwana hawazoeani. Hawapeani mkono. Mkazamwana hamtaji mzee kwa jina, haketi akamkodolea macho, na chumba anacholala mzee hakiingii hata nyumba ikiwaka moto. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu. Wasomi wa mjini watakwambia mambo hayo yalikwisha zamani. Thubutu! Njoo Nyamache ujaribu kumwandalia baba mkwe wako chai ukiwa umekaa miguu juu ya kochi, uone utakavyofukuzwa.

Kwa hiyo neno lolote la Gesare kwa Mzee lilipaswa kubebwa na mtu mwingine, na balaa ni kwamba mtu huyo alikuwa Abigael.

Abigael ni binti wa Mzee, yaani wifi yake Gesare. Aliolewa Nyamira mjini, akarudi na masanduku yake, na tangu arudi sura yake imekunjamana. Aliitaka ile nyuma ya jikoni ajenge vyumba vya kupangisha walimu. Alilisema wazi, mchana, mbele ya watu. Gesare alipomtuma kwa Mzee kuomba ruhusa ya kuongeza paa la nyumba ya uyoga, jibu lilirudi kwamba Mzee amechoshwa na ile harufu. Kama Mzee alisema hivyo au Abigael ndiye aliyesema, nani atajua?

"Nyumba yako inanuka, Mama Maureen," Abigael angemwambia akipita na ndoo.

"Inanuka uyoga. Wewe unanuka kijicho."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana.

Sasa, ule unga. Unga ulianza na Daktari Cynthia. Huyu si daktari wa sindano. Ni mtafiti wa chuo kikuu, msichana Mkisii aliyelelewa Nakuru, Ekegusii chake ni cha kuombea maji. Walikutana Nyamira kwenye semina ya wakulima, Cynthia akawa anakuja kununua uyoga wa kufanyia majaribio. Siku moja, wakiwa wamekaa juu ya madebe mlangoni mwa nyumba ya uyoga, alimweleza anautakia nini.

"Mama, tumboni mwako kuna vitu vinaitwa vimeng'enya," alisema. "Vifikirie kama visu vidogo. Ugali ukiingia, vinaukatakata mpaka unageuka sukari, ndipo unapoingia kwenye damu. Mafuta nayo yana visu vyake. Sasa nikikamua huu uyoga wako, na majani ya mpera, na majani machanga ya chai, ile dawa inayotoka inavishika visu visikate. Chakula kisichokatwa hakiingii mwilini."

"Kinaenda wapi?"

"Kinapita."

"Kinapita tu, mtu hanenepi?"

"Kinapita tu. Lakini ni kwenye chupa zangu za maabara. Watu hatujawajaribu bado. Hatujui kiasi, hatujui madhara. Na mtu anayemeza vidonge vya sukari asikaribie kabisa. Umenisikia, mama? Usije ukaanza kuuza."

Gesare aliitikia kwa kichwa, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaanza kuuza.

Alikausha uyoga juu ya mabati, akakausha majani ya mpera na majani machanga ya chai, akavipeleka kwenye kinu cha posho, ambako mwenye kinu alilalamika kwamba unga wa watu wote siku ile ulitoka na rangi ya kijani. Akautia kwenye vikopo. Wateja wenyewe ndio walioupa jina: Pita. Walikuwa walimu, wake wa wachungaji, wenye maduka ya nguo kule Nyamira, watu waliokaa kitako mchana kutwa na kula ugali wa wimbi usiku. Kila mmoja aliambiwa jambo lile lile, kwa sauti ile ile ya ugomvi: nusu kijiko, pamoja na chakula, na kama unameza vidonge vya sukari, rudisha kikopo changu sasa hivi.

Na walipungua. Wengine walipungua. Wengine walipata tumbo la kunguruma tu, kwa sababu ugali usiokatwa juu huenda ukachacha chini, na ukichacha chini lazima utafute njia. Kuna Sabato moja kwaya ya kanisa ilisimama kuimba, safu ya nyuma ikawa inaimba kwa meno yaliyobanwa, mpaka mwalimu wa kwaya akaenda kufungua madirisha mwenyewe. Waliporudi kwa Gesare kulalamika, aliwakata kauli. "Nyinyi mlitaka kupungua. Mlidhani mtapungua kwa kutabasamu?"

Katika kanisa hilo hilo, kiti cha mbele, aliketi Mzee Onsongo na tumbo lake. Kliniki walikuwa wamemwambia apunguze uzito, sukari yake ilikuwa inapanda na mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Alimtazama mweka hazina wa kanisa, jinsi koti lilivyoanza kumpwaya mabegani, akauliza siri yake, akaambiwa. Akarudi nyumbani na hasira. Dawa yenyewe inatengenezwa nyuma ya jikoni yake, na yeye peke yake katika kanisa zima ndiye hawezi kuiomba! Amwambie nani? Amtume mtu kwa mke wa mwanawe aseme nini, kwamba baba mkwe wako anaomba umshughulikie tumbo? Aibu hiyo angeiweka wapi?

Akamwita Abigael. Akamtuma akanunue sokoni, kama mteja yeyote, na akamwonya asitaje ni cha nani.

Abigael alikuja Keumbu siku ya soko, akasimama mbele ya meza, hata salamu hakutoa. "Nipe kikopo kimoja."

Gesare alidhani amesikia vibaya. "Cha nani?"

"Changu. Kwani kuna sheria?"

Gesare alimpandisha na kumshusha. Abigael alikuwa mwembamba kuliko yeye. "Unataka kupungua nini? Ubaki kivuli?"

"Nipe kikopo, Mama Maureen. Sikuja kupimwa."

"Vidonge vya sukari unameza?"

"Mimi? Simezi."

Na kweli yeye hamezi. Gesare alijua kwamba Mzee ana ugonjwa wa sukari, alijua kama tunavyojua mambo ya nyumba ya pili, kwa kusikia kupitia ukutani. Angefikiri kidogo tu angeunganisha mambo. Lakini moyo wake ulikuwa umejaa raha. Wifi yake, mdomo wote ule, amekuja kwake kuomba! Alimpa kikopo, akarudia yale ya nusu kijiko na ya chakula, Abigael akawa anatazama upande wa stendi mpaka amalize. Kisha akaondoka. Nyumbani alimkabidhi babaye kikopo bila neno hata moja. Ameambiwa akanunue, amenunua.

Mzee Onsongo alikuwa mtu wa kupenda matokeo. Nusu kijiko cha mweka hazina ni nini? Alianza na kimoja, akafika vitatu.

Ilikuwa Sabato asubuhi. Watu walikuwa wamekwenda kanisani. Gesare alibaki kwa sababu uyoga haujui Sabato, na Abigael alibaki kwa sababu Mzee alisema ana uchovu. Mzee alikuwa amekula ugali uliobaki na maziwa, akameza kidonge chake, akameza vijiko vyake vitatu vya Pita, akaenda kujilaza. Gesare alikuwa ndani ya giza lake na pampu ya maji mgongoni aliposikia Abigael akipiga mayowe.

Alitoka mbio. Abigael alikuwa katikati ya ua, kikombe mkononi, chai imemwagikia kanga yake.

"Umemuua baba yangu! Umemuua, mchawi wewe!"

"Mimi nimemuua nani? Chunga mdomo wako!"

"Anatoka jasho, anaongea maneno hayaeleweki, hanijui! Nimempa chai ya sukari, vikombe viwili, sukari vijiko na vijiko! Nimempa muwa amefyonza! Haisaidii! Sukari yake imeshuka na haipandi, ni ule uchawi wako!" Akatoa kikopo mfukoni mwa sketi, akamrushia kifuani.

Gesare alikiokota. Kilikuwa kimebaki robo.

"Uliniambia ni chako."

"Alinikataza kusema!"

"Nilikuuliza, Abigael! Mbele ya watu, nilikuuliza kama kuna vidonge vya sukari!"

"Uliniuliza kama mimi nameza!"

Wangeweza kusimama pale wakitupiana maneno mpaka mzee azikwe. Gesare ndiye aliyetoa simu. Alimpigia Cynthia, akaeleza kwa pumzi moja. Upande wa pili ukalipuka.

"Uliuza? Mama, nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?"

"Nitukane baadaye! Nifanye nini?"

"Anaweza kumeza?"

"Anameza," Abigael alijibu, maana sauti ilisikika ua mzima.

"Basi acheni hiyo sukari ya chai. Haisaidii! Sukari ya chai na muwa lazima ikatwe kwanza tumboni ndipo iingie kwenye damu, na dawa yako imevishika visu. Tumbo limejaa, damu ina njaa. Tafuta glukosi. Ile ya unga, ya dukani. Hiyo haihitaji kukatwa. Koroga kwenye maji, mpe kidogo kidogo, mweke kichwa juu asipaliwe. Halafu hospitali, haraka. Na msimwache peke yake!"

Abigael hakungoja mwisho. Alishika njia ya kanisani akipiga kelele, akawaite wanaume walete gari. Gesare alikimbilia upande wa pili, kwa Esnah, Mkatoliki mwenye duka pale njia panda, ambaye hufungua Jumamosi wenzake wakiwa wamefunga. Alichukua pakiti ya glukosi kwenye rafu bila kuomba. Esnah akabaki kuuliza, "Kuna nini? Mama Maureen, kuna nini?"

Aliporudi, boma lilikuwa kimya. Nyumba kubwa ilikuwa wazi. Alipita sebuleni, akachota maji, akakoroga, akafika mlango wa chumba cha Mzee, na hapo akasimama.

Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa nusu. Alisikia anavyohema, pumzi nzito yenye mkoromo ndani yake. Tangu aolewe hakuwahi kukanyaga zaidi ya kile kiti cha sebuleni kilicho karibu na jikoni. Gesare hakuwa mjinga. Alijua akiingia mle, amejiondoa bomani kwa miguu yake mwenyewe. Alijua pia kwamba Mzee akifa leo, hajatamka lolote juu ya kile kipande cha nyuma ya jikoni, na Abigael ataleta mawe ya msingi kabla maua ya kaburi hayajanyauka. Huku ni kutoka, na huku ni kutolewa. Na kulikuwa na sauti nyingine mbaya zaidi, nitaisema kwa kuwa aliisikia: mwache. Amejitakia. Alituma mtu akudanganye mbele ya meza yako mwenyewe. Kaa hapa mlangoni, shika heshima yako, hakuna atakayekulaumu. Watasema mkazamwana mwema, hata baba mkwe akikata roho hakuvuka pazia.

"Shindwa," Gesare alisema kwa sauti, na sijui alikuwa anamwambia nani. Akavuka.

Mzee alikuwa amelala chali, amevaa fulana iliyolowa, shuka limemtoka miguuni. Tumbo lilikuwa wazi. Alikuwa amejikojolea. Gesare alipanda kitandani kwa magoti, akamwinua kichwa akakiegemeza kifuani mwake, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Kidogo. Tena kidogo. Mengine yalimtoka pembeni ya mdomo, akayafuta kwa kiganja. Alikuwa akimfokea muda wote. "Meza! Meza, mzee mkaidi! Nusu kijiko nilisema, nusu! Nani alikwambia uzidishe? Meza!"

Jasho lilikauka kwanza. Kisha macho yakatulia, yakaacha kuzunguka darini. Yakashuka polepole, yakamkuta Gesare uso kwa uso, karibu kiasi cha kuhesabiana kope.

Mzee Onsongo alimtambua. Gesare aliona alivyotambua, maana mwili wote ulikakamaa mikononi mwake. Alijaribu kuvuta shuka na vidole havikuwa na nguvu. Akageuza uso ukutani.

Ndivyo walivyowakuta. Abigael, na nyuma yake Bosire, mdogo wake Mzee na mzee wa kanisa, bado ameshika Biblia, na wanaume wengine wawili. Walisimama mlangoni wakatazama mkazamwana yuko juu ya kitanda cha baba mkwe, amempakata. Hakuna aliyeuliza kama mzee ni mzima.

"Mwambieni atoke," Mzee alisema, akiwa bado ametazama ukuta. Hilo ndilo neno lake la kwanza baada ya kurudi kutoka kule alikokuwa anakwenda.

Alipelekwa hospitali, akalazwa, akarudi. Gesare hakutengeneza tena Pita. Alimwaga uliobaki chooni, na mteja aliyekuja kuuliza alifukuzwa kwa matusi. Cynthia alikuja mara moja, akamkanya vikali kwa dakika nyingi pale juu ya madebe. Gesare akanyamaza, kitu ambacho si kawaida yake, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli. Alikuwa ameuza alichokatazwa kuuza, na alilijua hilo usiku na mchana. Bomani hakusemeshwa. Watoto wa majirani walikatazwa kuchota maji kwenye tangi lake.

Jumapili moja aliitwa nyumba kubwa. Mzee alikuwa kwenye kochi lake, amepungua kweli kweli, miguu imefunikwa blanketi. Bosire alikaa kando yake, na ndugu wengine wa ukoo wakajaza viti. Abigael alikuwa akigawa chai. Gesare aliingia kwa mlango wa jikoni, akaketi kwenye kile kiti chake cha karibu na jikoni, macho chini.

Bosire alikohoa. "Mama Maureen, Mzee amefikiri. Anasema unga hakupewa na wewe, aliutafuta mwenyewe, na hilo hakulaumu. Na anasema unajua wewe mwenyewe kilichotokea siku ile. Sisi ni watu wa kanisa, hatutachinja mbuzi wa kutakasa mtu. Lakini chinsoni ni chinsoni. Mzee hawezi kuishi boma moja na mkazamwana aliyemwona vile. Kwa hiyo ile nyumba ya uyoga itabomolewa, na wewe utaenda kwa Maureen, Nakuru. Hakuna ugomvi."

"Hakuna ugomvi?" Gesare aliuliza.

"Hakuna. Mzee anakushukuru. Lakini uende."

Abigael aliweka birika chini. Hakutabasamu, lakini mabega yake yalilegea kama mtu aliyetua mzigo.

Gesare alikaa na maneno hayo. Alikuwa amejiandaa kuitwa mchawi, muuaji, mwizi wa ardhi. Kwa hayo alikuwa na majibu tayari, tena makali. Hili la kushukuriwa na kufukuzwa kwa sentensi moja lilimpanda kichwani polepole, na lilipofika huko alinyanyua macho. Akayanyanyua kabisa, akamtazama Mzee. Ndugu wote walilihisi jambo hilo kabla hajafungua kinywa.

"Onsongo," alisema.

Mtu mmoja alishusha kikombe kwa kishindo. Bosire alisema, "Mama Maureen!" na Abigael akasema, "Haiya!"

"Sisemi na Bosire, sisemi na Abigael. Nasema na wewe, Onsongo. Miaka yote nimekuheshimu. Jina lako sikulitaja. Nilikupikia na sikukuona ukila. Kila neno langu lilibebwa na binti yako likakufikia limepinda, nikanyamaza, kwa sababu wewe ni baba mkwe wangu. Leo umesema mimi si mkazamwana tena. Sawa. Basi sina wa kumwogopa humu ndani."

"Kaa kimya, mwanamke," ndugu mmoja alisema.

"Sikai! Nilikushika kichwa. Nilikufuta mate. Nimeyaona yote, na nitakufa nayo, hakuna soko litakaloyasikia. Lakini hunifukuzi kwa mdomo wa mtu mwingine. Ukitaka nitoke, niambie mwenyewe. Nitazame usoni, useme: Gesare, toka kwangu. Ukisema hivyo nafunga virago leo leo, na nyumba ya uyoga naibomoa kwa mikono yangu, simpi Abigael raha hiyo. Haya. Sema."

Bosire alimgeukia kaka yake, akangoja. Abigael naye akangoja, ameshika mdomo. "Baba," alisema kwa sauti ndogo, "si umwambie?"

Mzee Onsongo alifungua mdomo. Shingo yake ilianza kugeuka upande wa jikoni, ikafika nusu, na wote waliona uso ulivyomjaa aibu mpaka masikioni. Hakuweza kumaliza kugeuka. Akauinamisha uso kwenye blanketi, akabaki anaichezea ncha ya uzi, mzee mzima aliyefundisha nusu ya Nyamache na kuichapa nusu nyingine.

Gesare alingoja mpaka chai ikapoa mikononi mwa watu. Kisha akasimama.

"Basi nakaa," alisema. "Na siku utakayoweza kuniangalia, nipo nyuma ya jikoni."

Akapita katikati yao wote, akatoka kwa mlango wa mbele.